Maili Tatu za Huruma

Mwezi uliopita nilikabidhi vifaa stoo: mnyororo mmoja, gurudumu moja la kupimia, bendera mbili, nyundo, na mishale kumi. Karani wa stoo, kijana mwenye mwandiko mzuri na haraka nyingi, aliutupia jicho ule mzigo wa mishale akaandika kumi. Nikamwomba aihesabu. Akasema, "Mzee Iddi, si ni kumi siku zote?" Nikamwambia ahesabu hata hivyo, nikasimama palepale mpaka alipomaliza. Nadhani alifurahi kwamba nilikuwa naondoka.

Vijana wa ofisi ya barabara wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu kabla sijarudi kwetu Kondoa. Wanasema Uhuru uko mlangoni na vitabu vya wakubwa vitafungwa katika makasha na kupelekwa Ulaya, kwa hiyo wazee waandike wanayoyajua. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana hadithi hiyo ni fupi mno. Nitaandika jinsi barabara inavyopimwa, jinsi nilivyoipima vibaya, na jinsi kosa langu lilivyomkuta mtu aliyekuwa anakimbia.

Nilianza kazi hapa Dodoma siku Waingereza walipokuwa bado wageni, na watu walikuwa bado wanataja majengo kwa majina ya Wajerumani walioyaacha. Nilikuwa na kaptula moja na barua ya mwalimu iliyosema najua kuhesabu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Mrisho, Mnyamwezi mfupi, mkimya, ambaye alikuwa ameshika mnyororo tangu enzi za Mjerumani. Aliisoma barua, akaikunja, akaniambia, "Kuhesabu unajua. Sasa tuone kama unajua kuhesabu ukiwa na kiu."

Nieleze vifaa, maana siku hizi mnatumia utepe wa chuma na mnaucheka mnyororo. Mnyororo wetu ulikuwa wa yadi ishirini na mbili, wenye viungo mia. Minyororo themanini ni maili moja. Mtu wa mbele huenda na mishale kumi mkononi. Msiwaze mishale ya upinde. Ni vijiti vya chuma vyenye ncha, na kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu kichwani. Anaunyoosha mnyororo, anachoma mshale mmoja ardhini, anaendelea. Mtu wa nyuma anaufikia mshale ule, anashika mnyororo hapo, na mshale wa pili ukichomwa anaung'oa wa kwanza na kuuchukua. Mikono ya mtu wa mbele ikibaki mitupu, anaita kwa sauti, "Kumi!" Mtu wa nyuma anamletea mishale yote, karani anachora mstari mmoja katika daftari, na mwendo unaanza upya. Mistari minane ni maili moja, na hapo panasimikwa jiwe.

Mimi niliwekwa mbele kwa sababu nilikuwa na miguu mirefu. Mzee Mrisho alikaa nyuma kwa sababu ndiye aliyekuwa na akili. Sheria yake ilikuwa moja tu, nayo aliirudia mpaka nikaisikia usingizini: "Ukinywa maji, hesabu mishale. Ukienda kujisaidia, hesabu mishale. Akija Bwana Mkubwa kukusalimu, mwamkie, kisha uhesabu mishale." Nilimwona kama mzee mwenye wasiwasi kupita kiasi.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kupima barabara ya kaskazini, kutoka bomani kwenda upande wa Haneti. Maili nne za kwanza zilikwenda salama. Mwisho wa maili ya nne mpagazi wetu mmoja aliegemea mgunga uliokuwa na mzinga wa watu, na nyuki wakatoka wote. Wagogo wanafuga nyuki wengi, na nyuki wao hawaulizi mtu ni wa idara gani. Kila mmoja alikimbia upande wake. Tulipokutana tena tulikuta mnyororo upo, bendera zipo, mwavuli wa karani upo. Mzee Mrisho alikuwa amevimba macho yote mawili na haoni kitu. Alipakiwa katika gari la mizigo lililokuwa linarudi mjini, akapelekwa hospitali, na nafasi yake ya nyuma ikachukuliwa na mpagazi aliyekuwa hajawahi kuushika mnyororo.

Asubuhi iliyofuata tulianza maili ya tano. Nilichoma mshale wa mwisho, nikaitazama mikono yangu, nikajua kuna kitu. Nilikuwa nimechoma tisa. Mmoja ulikuwa umebaki kwa nyuki.

Ningesimama pale, jambo lingeishia pale. Lakini wiki mbili kabla ya hapo mwenzetu alifukuzwa kazi kwa kupoteza bendera, na bendera ni kitambaa tu. Mshale ni chuma, ni mali ya Serikali. Nikafikiri, nitaita kumi mara hii moja, kisha wakati wa mapumziko nitarudi kuutafuta. Nikaita, "Kumi!" Karani akachora mstari. Wakati wa mapumziko nilirudi kwenye mgunga, na nyuki walikuwa bado hawajamaliza mazungumzo yao. Nikarudi mbio kazini.

Niliita "Kumi!" mara ishirini na nne. Ni maili tatu nzima, ya tano, ya sita na ya saba, na kila mstari ulikuwa umepungukiwa mnyororo mmoja. Hesabu yake si ngumu, nimeifanya mara nyingi sana maishani: kila maili ilikuwa fupi kwa yadi mia moja sabini na sita, na zote tatu kwa yadi mia tano ishirini na nane. Nyuma yetu mafundi walikuwa wanasimika mawe, wakiyapaka chokaa na kuyaandika namba kwa rangi nyeusi. Mawe yale yalipendeza sana.

Mzee Mrisho alirudi tukiwa tumesimika jiwe la saba, uso umevimba mpaka nikashindwa kumtazama. Kabla ya kusalimia aliomba mishale, akaihesabu.

"Tisa," akasema. "Wa kumi uko wapi?"

"Umepotea, Mzee."

"Lini?"

"Leo asubuhi, Mzee. Sasa hivi."

Alinitazama kwa lile jicho moja lililokuwa limeanza kufunguka. Sijui aliona nini. Alimwita mhunzi wa kijijini, akamwagiza atengeneze mshale kwa chuma cha springi ya gari. Ulitoka mnene kuliko wenzake, kila mtu aliyeushika aliujua. Kutoka maili ya nane kwenda mbele barabara ile ni ya kweli. Mzee Mrisho alistaafu, akarudi Tabora, akafariki huko, na sikumwambia. Niliona aibu, kisha miaka ikapita, aibu ikawa kama fenicha ya nyumbani, unaipita bila kuigonga.

Miaka iliyofuata nilipima mengi. Nilipima njia ya kwenda Hombolo, nilipima mipaka ya viwanja vya maduka ya Wahindi mjini, ambako kila mwenye duka alikuwa na hakika kwamba ukuta wa jirani umevuka. Baada ya vita nilipelekwa Kongwa kupima mashamba ya karanga. Matrekta yalikuwa mengi kuliko miti, na kila mkubwa alikuwa na haraka. Niliambiwa nipime upesi, nikapima upesi. Karanga zenyewe hazikuwa na haraka. Jambo moja la maana nililojifunza kule ni kwamba utepe wa chuma ukilala juani saa saba mchana unarefuka, na anayepima mchana hapati urefu ule anaoupata alfajiri. Kwa hiyo pimeni asubuhi. Kama mkubwa anataka upime mchana, mwambie utepe una homa.

Kuhusu gurudumu nina neno moja. Barabara zetu za changarawe zinajikunja kama ubao wa kufulia, na gurudumu likipita juu yake linapanda na kushuka kila kituta na kuhesabu vyote. Linakuambia umetembea maili wakati bado. Gurudumu ni zuri kwa makisio. Msiape kwalo.

Niliporudi Dodoma nilikuwa mtu mzima, mpimaji mkuu kati ya Waafrika wa ofisi ile, maana yake nilikuwa wa kwanza kuitwa jambo likiharibika. Mkubwa wetu alikuwa injinia tuliyemwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda karatasi ziishe mezani kabla ya chai. Ofisini alikuwapo pia tarishi mmoja, Benedikto, Msandawe wa upande wa Kwamtoro. Jina lake la kwao lina mlio ambao ulimi wangu uliushindwa kabisa. Nilijaribu mara tatu, akacheka, akaniruhusu nimwite kwa jina la ubatizo. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwenye kambi za barabara upande wa kaskazini. Matarishi wengine walitembea. Benedikto alikimbia, kwa sababu, alisema, kutembea kulimchosha.

Ikatokea kwamba ofisi ya michezo ya Dar es Salaam ilitangaza inatafuta wakimbiaji wa masafa marefu kwa timu ya nchi nzima. Yeyote ambaye angekimbia maili kumi za barabara chini ya saa moja, na mbio zake zikathibitishwa rasmi, angeitwa Dar es Salaam kufanya mazoezi na timu, na huenda kuvuka bahari. Benedikto alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na sita. Aliniambia, "Mzee, nikingoja tangazo lijalo miguu itakuwa ya mtu mwingine." Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini wiki ile aliizungumza Dar es Salaam kama mtu aliyekwisha kununua sabuni ya safari.

Mbio zilifanyika siku ya michezo ya wilaya, kutoka jiwe la kumi la barabara ya kaskazini mpaka mlingoti wa bendera bomani. Saa zilikuwa tatu, kama fomu ilivyotaka: ya Bwana Miwani, ya mwalimu wa shule, na ya Bwana Kanji, fundi saa wa mtaa wa maduka, ambaye alikuja na saa yake katika kisanduku cha pamba na hakuruhusu mtu aipumulie. Benedikto alifika peke yake, wenzake hata hawaonekani. Saa zikasomwa: dakika hamsini na nane na sekunde thelathini na moja. Watu walipiga vigelegele. Bwana Kanji alisema, "Ndugu, hata treni inachelewa kuliko wewe." Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlingoti, nikihesabu yadi, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa najua ni barabara ipi.

Siku iliyofuata Bwana Miwani aliniita ofisini kujaza fomu. Ilikuwa ndefu. Iliuliza kama mkimbiaji alisaidiwa na gari, baiskeli au mnyama. Iliuliza upepo ulikuwaje, naye akaandika, "Wa kawaida." Msomaji wa Dar es Salaam asingejua kwamba wa kawaida wa Dodoma unang'oa bati. Kisha akafika mahali palipouliza njia ilipimwa na nani na kwa kifaa gani.

"Barabara ile uliipima wewe, siyo, Iddi?"

"Ndiyo, Bwana. Nilikuwamo."

"Kwa mnyororo wa chuma?"

"Ndiyo, Bwana. Wa chuma."

"Vizuri sana." Akaandika, akatia sahihi yake kama mpimaji mwenye leseni, akanisogezea karatasi nitie yangu chini yake kama shahidi. Kalamu ilikuwa imekwisha kuchovywa wino. Nilimwambia macho yangu yananisumbua, anipe hadi kesho. Akatazama saa ya chai, akakubali.

Nilimkuta Benedikto nyuma ya ofisi anafua kanzu yake ya kazi. Aliniamkia, "Shikamoo, Mzee Iddi." Niliitikia marahaba, nikakaa juu ya debe, nikamweleza yote, kuanzia nyuki mpaka kalamu. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote, hata mke wangu. Aliendelea kufua mpaka nilipomaliza.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba maili zile ni fupi. Kila anayekwenda kwa miguu njia ile anajua, Mzee. Kina mama wanaoleta kuni mjini wanaziita maili za huruma. Wakifika jiwe la saba wanasema, sasa tutapumzika huruma tatu, halafu tumalizie."

"Miaka yote hii?"

"Mimi nimezikuta na jina lake. Nilidhani Serikali imefanya makusudi, kwa ajili ya wenye mizigo."

Zaidi ya miaka ishirini na mitano nilikuwa nimeificha siri ambayo kila mwanamke mwenye kuni kichwani aliifahamu. Waliokuwa hawaijui ni wale tu wanaokwenda kwa gari, na hao ndio wanaotia sahihi. Magari yana saa zao za maili, lakini za magari yetu kila moja ilikuwa na maoni yake.

Benedikto akakamua kanzu. "Ukihesabu kweli, Mzee, nimekimbia kwa muda gani?"

Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu hiyo. "Kwa mwendo ule, maili kumi kamili ungemaliza kwa saa moja na sekunde ishirini."

"Sekunde ishirini," akasema.

"Ishirini."

"Na ukitia sahihi kesho?"

"Utakwenda Dar es Salaam. Hakuna atakayejua."

Alianika kanzu juu ya kamba, akainyoosha mikono yake taratibu. Nilikuwa namwomba Mungu aniambie nitie sahihi. Naliandika hili wazi kwa sababu ni kweli: nilitaka aniambie hivyo, iwe dhambi yetu wawili.

"Kule Dar es Salaam njia zao amepima nani?" akauliza.

"Simjui."

"Kama alikuwa na mishale kumi, basi mimi nitakwenda kuaibika mbele za watu wa pwani. Watasema yule wa Dodoma saa yake imetoka wapi." Akanigeukia. "Pima tena, Mzee. Nami nitakimbia tena."

Kesho yake nilimwambia Bwana Miwani. Nilisimama wima kama askari na kusema yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alichouliza kwanza si kuhusu Benedikto wala kuhusu mimi. Alisema, "Unajua ni ripoti ngapi zimeandikwa kwa maili hizi?" Nikasema sijui, Bwana. Akasema hata yeye hajui. Kisha akaichana ile fomu mara mbili, akaitia kapuni, akaniambia niende nikapime, na nisiguse jiwe hata moja mpaka atakapoandikia makao makuu. Sikufukuzwa kazi. Niliogopa jambo lile ujana wangu wote, na lilipokuja lilichukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai.

Nilipima kwa siku mbili, alfajiri tu, mnyororo ukiwa baridi. Kwanza niliulinganisha na vile vipimo viwili vya shaba vilivyosimikwa katika sakafu ya ofisi, maana mnyororo wa zamani hulegea viungo. Sikupima katikati ya barabara kama tunavyopimia magari. Nilipima kama mkimbiaji anavyopita, nikikata kila kona kwa ndani, kwa sababu mtu akikimbia hafuati mfereji. Hili mlikumbuke mkiombwa kupima njia ya mbio: maili ni za yule mwenye miguu. Nilishika mbele mimi mwenyewe, pamoja na uzee wangu. Nilikuwa na mishale kumi, ule mnene ukiwamo, na kila nilipoita "Kumi!" nilikuwa nimeihesabu kwa mdomo, mmoja mmoja, hata karani akaanza kunionea huruma. Maili kumi za kweli ziliishia mbali kupita jiwe la kumi, katikati ya kichaka cha miiba. Nikasimika kigingi cha mti hapo, nikakipaka chokaa.

Benedikto alikimbia tena wiki mbili baadaye, asubuhi mapema, bila sherehe. Alikuwapo mwalimu, Bwana Kanji na kisanduku chake, na karani mmoja aliyeshika saa ya Bwana Miwani, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka kwenda likizo Ulaya. Mimi nilisimama tena kando ya mlingoti. Alipotokeza mwisho wa barabara nilimwona anayumba kidogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona amefungua kinywa. Bwana Kanji alianza kusoma sekunde kwa sauti. Alipogusa mlingoti Benedikto alianguka akakaa chini, na watu wote watatu wakatazama saa zao kabla ya kumtazama yeye.

Mwalimu alipata dakika hamsini na tisa na sekunde arobaini na saba. Bwana Kanji arobaini na nane. Karani arobaini na tisa. Fomu inasema ichukuliwe ya katikati.

Nililia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Bwana Kanji alinikopesha ile pamba ya kwenye kisanduku.

Mahali pa Bwana Miwani alikuwa amekuja injinia kijana, mgeni kabisa, ambaye alisoma kila karatasi mpaka mwisho. Nilimpelekea fomu mpya ikiwa imejazwa yote isipokuwa sahihi ya mpimaji. Akauliza, "Nani alipima?" Nikasema mimi. "Una leseni?" Nikasema sina. Mwafrika mwenye leseni ya upimaji sikuwa nimemwona mahali popote, naye nadhani pia. Akasema, "Siwezi kutia sahihi kitu ambacho sikukiona. Nitapima mwenyewe mvua zikiisha." Orodha ya Dar es Salaam ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi ule, na mvua ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Nilimweleza. Alisikitika kweli, lakini hakutia sahihi. Katika utumishi wangu wote alikuwa mkubwa wa kwanza niliyemwona akikataa kuapia asichokiona. Nilimheshimu sana siku ile, na nilitamani angekuwa mvivu kidogo.

Tulipeleka fomu bila sahihi ile. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: umbali haukuthibitishwa, kwa hiyo mbio hizo si rekodi.

Benedikto aliisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akanirudishia. Akasema, "Basi niandikie wewe, Mzee."

"Nikuandikie nini?"

"Hati. Kwamba ulipima, na nilikimbia."

Nikamwambia karatasi yangu haina thamani, sina leseni, na nikiandika kwenye karatasi ya ofisi nitapata matatizo. Nilikuwa nimechoka, na niliogopa tena, ule woga wa zamani wa mshale mmoja.

Hakupandisha sauti. "Ulipodanganya, Mzee, Serikali iliuamini mkono wako miaka yote ile. Sasa umepima kweli, unasema mkono wako hauna thamani?"

Akachukua mfuko wa barua akaondoka kuelekea kaskazini. Sikumjibu siku ile wala siku nyingine, na katika makosa yangu yote ya kazini hili ndilo linaloniuma, kuliko hata nyuki.

Mvua zilipokwisha yule injinia alipima, kama alivyoahidi. Alitumia utepe wa chuma, kipimajoto na vijana sita. Kutoka mlingoti mpaka kigingi changu alipata maili kumi na inchi saba. Alinipa mkono mbele ya vijana wote. Baadaye mawe yalihamishwa, la tano mpaka la mwisho wa njia, kila moja mahali pake. Kina mama wa kuni hawakufurahi. Mmoja aliweka mzigo chini akaniuliza, "Baba, ndiwe uliyetuongezea njia?" Nikasema ndimi. Akasema, "Mungu anakuona." Nikasema najua, mama.

Benedikto bado ni tarishi. Amepewa baiskeli ya Serikali, na sehemu za mchanga huisukuma. Hatujawahi kuzungumza tena juu ya hati, lakini kila asubuhi ananiamkia vilevile, na kila asubuhi nimeitikia nikiwa na deni. Sasa nimestaafu, hakuna anayeweza kunifukuza, na karatasi hii nimeinunua mwenyewe kwa Bwana Kanji. Vijana, nanyi mtakaosoma haya ndinyi mashahidi wangu. Nakala ya kwanza nampelekea Benedikto kesho asubuhi.

Mimi, Iddi, mshika mnyororo, nisiye na leseni, nathibitisha kwamba Benedikto, tarishi, alikimbia maili kumi za barabara ya kaskazini, mpaka mlingoti wa boma la Dodoma, kwa dakika hamsini na tisa na sekunde arobaini na nane. Njia nilipima mimi, alfajiri, kwa mnyororo wa chuma. Mishale ilikuwa kumi.